Mlango Usiosikika

Shemeji yangu ni mwalimu wa udereva, na mtaa mzima unamwita Breki. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, maana ukikaa naye garini neno la kwanza utakalolisikia ni hilo, na la mwisho ni hilohilo. "Breki. Breki. Breki, nimesema! Haya, taratibu." Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na huyu bwana amekaa upande wa mwalimu miaka mingi hadi mguu wake wa kulia unakanyaga kabla akili haijauliza. Mkiwa sebuleni mnatazama televisheni, mtu akivuka barabara kwenye filamu, mguu chini kwenye zulia. Dada yangu akimimina chai, kikombe kikikaribia kufurika, mguu chini. Tulimcheka mpaka tukachoka. "Jamani, nimeolewa na mtu anayeogopa hata kikombe," dada alikuwa akisema.

Zamani aliendesha malori ya safari ndefu. Aliyaacha kwa ajili ya dada, ambaye alimwambia wazi kwamba hakuolewa ili alale akihesabu kona za barabara. Akaenda kufundisha, kazi ya hapahapa mjini, asubuhi anatoka na jioni anarudi. Dada akadhani amepumzika. Kumbe! Siku moja mwanafunzi alichanganya mafuta na breki akawatumbukiza mtaroni, gari likalala ubavu. Dada alisubiri tangu alasiri bila habari yoyote, hadi giza lilipoingia ndipo mume akatokea mlangoni mkono umefungwa shingoni, anacheka eti si kitu. Dada hakucheka. Tangu siku hiyo mchana wake wote ulikuwa wa kusubiri, ingawa hakumwambia mtu.

Mimi ni mdogo wake dada. Niseme mapema kwamba subira sina, sikuzaliwa nayo, na wanaonijua hawanitegemei kwa hilo. Nilihamia kwao dada alipougua moyo. Ulikuwa umepanuka na kuchoka, na hospitali walishafanya yao, wakaturudisha nyumbani na dawa za kumpunguzia tabu. Breki alilazimika kwenda kazini, na mgonjwa hakuwa wa kuachwa peke yake. Mtoto hawakujaliwa. Basi nikaja na begi langu, nikalala kwenye godoro chini ya dirisha la chumba chao.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, nyembamba, imebanwa na majirani kulia na kushoto. Chini kuna gereji, jiko na sebule. Chumba cha kulala kiko juu, kimekaa juu ya gereji sawasawa, na dirisha lake linatazama nyuma, kwenye ukuta wa jirani na kamba za nguo. Aliyelala humo haoni barabara wala hajui nani ameingia, ila kwa masikio.

Na masikio yalikuwa na kazi, kwa sababu mlango wa gereji ulikuwa na mota ya mnyororo. Ni mlango wa vipande vya bati vinavyopanda na kulala darini, na mota inaning'inia hukohuko juu ikiuvuta kwa mnyororo mnene unaofanana na wa baiskeli. Breki akibonyeza rimoti akiwa nje, nyumba nzima ina habari. Sakafu ya juu inatetemeka, kitanda kinatetemeka, maji kwenye glasi ya mgonjwa yanachezacheza. Dada aliutukana mlango ule kila siku Mungu aliyoileta. "Lile dude lako litaniua! Litatubomolea nyumba, ndipo utakaponisikia!" Halafu huyoo, anakwenda kubandika chai.

Nilipohamia ndipo nilipouona ukweli. Dada alikuwa hafumbi macho mchana. Ukimwambia alale, anasema ndiyo, na macho anayakodolea dari. Jioni chini kukinguruma, maji yakicheza kwenye glasi, anatoa pumzi ndefu na kusema, "Amefika." Hapohapo usingizi unamchukua.

Ombi lake lilikuwa moja tu, na alilisema mbele yetu wote wawili. "Najua nakwenda, msinifiche. Ila nisiende Breki akiwa barabarani. Nataka awe humu ndani, nami nijue kwamba yumo."

"Nitakuwepo," Breki akasema. Nilimwona mguu wake ukikanyaga sakafu.

Sasa, nesi aliyekuwa akija kumpima dada akatwambia kwamba mgonjwa anahitaji utulivu, na kelele zipunguzwe. Breki alilipokea neno hilo kama amri ya trafiki. Akaliunganisha na matusi ya miaka yote ambayo mkewe aliutukana mlango, akapata jibu lake. "Shemeji," akaniambia jikoni, ananong'ona kwa furaha, "naubadilisha ule mlango. Namnunulia kimya."

Hata mimi niliona jambo jema. Jirani akakaa na mgonjwa, tukaenda dukani.

Muuzaji alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mota zake alizifunga juu ya fremu za mbao ili mteja asikie mwenyewe. "Mnataka ya mnyororo au ya mkanda?"

"Nataka isiyosikika," Breki akasema.

"Gereji iko mbali na vyumba?"

"Iko chini ya kitanda cha mgonjwa."

"Basi mnyororo usahau, mzee. Mnyororo una nguvu, haufi haraka, lakini ni kwa mtu ambaye gereji yake iko uani huko. Chukua mkanda wa mpira. Mlango wako ni bati tupu au una mbao? Bati? Basi mota hii ya kawaida inautosha, usidanganywe ukachukua ya mlango wa ghala. Umeme kwenu unakatika? Chukua yenye betri, usije ukafungiwa nje kwenye mvua." Akamwonyesha pia yale macho mawili madogo yanayofungwa chini, huku na huku, usawa wa muundi wa mguu. Yanatazamana. Kitu kikipita katikati yao, mlango unagoma kushuka, usije ukamponda mtoto au paka.

Breki alimhoji yule bwana namna anavyowahoji wanafunzi siku ya mtihani. Kisha akaomba ziwashwe zote mbili. Ya mnyororo ikanguruma, na mimi, sijui kwa nini, nikakumbuka uso wa dada. Ya mkanda ikawashwa, Breki akainama kutega sikio.

"Shemeji, umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo yenyewe!" Alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho alipokuwa amecheka kabla ya hapo.

Fundi alikuja kuifunga. Kwanza aliivuta ile kamba nyekundu inayoachanisha mlango na mota, akaunyanyua mlango kwa mkono hadi katikati, akauachia. Ukabaki palepale. "Springi zake nzima," akasema. "Ungeshuka wenyewe hapa, nisingefunga mota hata kwa dawa. Na springi wewe usiiguse hata siku moja, mzee, imekazwa ile, itakuvunja mkono." Akabadilisha magurudumu ya chuma akaweka ya plastiki, bawaba akazipaka mafuta, na kila mahali mota iliposhika dari akatia kipande cha mpira. Alipomaliza, mlango ulipanda na kushuka kama mtu anafunua shuka.

Breki alipanda ngazi mbiombio. "Mke wangu, umesikia chochote?"

"Nisikie nini?"

"Mlango! Nimeufungua na kuufunga sasa hivi. Umesikia?"

Dada alimtazama kwa muda. "Sijasikia," akasema. "Ahsante, mume wangu. Umenifikiria." Akamshika mkono. Yule bwana alitoka chumbani kifua mbele, na dada akageuka kutazama ukuta.

Basi balaa likaanza. Ikifika alasiri, "Amefika?" Namwambia bado. Kidogo tena, "Hebu kashuke uangalie." Nashuka, napanda. "Bado, dada." Usingizi hauji, na moyo ule si wa kukeshea mchana kutwa. Mara Breki anatokea mlangoni kimyakimya, yeye mwenyewe ananyata asimwamshe, na dada anashtuka hadi midomo inabadilika rangi.

Nikamwambia, "Mwambie, dada. Mwambie arudishe lile dude."

"Nimwambie nini? Miaka yote nimemtukania mlango wake. Leo kaniletea kimya, nimwambie nataka kelele? Hukuuona uso wake?"

"Nitamwambia mimi."

"Hutamwambia! Niapie." Nikaapa, kwa hasira, maana ataomba mgonjwa nini ukamnyima? "Kimya kingi kina mshindo, mdogo wangu," akasema, akijaribu kutania, kisha akakohoa hadi nikamwinua mito. Watu wazima wawili, wamekula chumvi pamoja, na hakuna wa kumwambia mwenzake neno. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Halafu mlango nao ukaanza visa. Asubuhi unafunga vizuri, jioni unagoma. Unashuka nusu, unasita, unarudi juu, na taa ya mota inapepesa. Breki akabadilisha betri ya rimoti. Wapi! Akafuta reli kwa kitambaa. Wapi! Akapanda ngazi akazungushazungusha skrubu ya nguvu ya kushukia, mlango ukagoma vilevile. Mwishowe akampigia simu fundi.

"Unagoma wakati gani?" fundi akauliza.

"Jioni nikirudi."

"Asubuhi je?"

"Asubuhi hauna neno."

"Basi si mlango, mzee, ni jua. Jua la jioni linaingia barazani linalipiga jicho mojawapo usoni, linalitia upofu. Badilisha macho, la kulia liende kushoto. Au lijengee kofia, hata ya boksi."

Breki alichagua kofia. Akakata boksi la dawa ya meno, akalizungushia jicho, akalibandika kwa utepe. Kesho yake joto likalegeza utepe, kofia ikaanguka. Akatengeneza nyingine ndefu zaidi. Nayo ikapinda. Ikawa kila akirudi kazini hapandi juu kwanza, anachuchumaa gerejini na mkasi wake, huku mwenzake juu anaulizia.

Siku moja nilimfuata. "Shemeji, mgonjwa yuko juu."

"Nakuja, nakuja. Nimalize jicho tu, gari la shule siwezi kuliacha mlango wazi."

"Gari gani? Gari ndilo linakufa?"

Akaacha mkasi. Alikaa sakafuni palepale, mgongo kwenye gurudumu la gari. "Shemeji, siwezi kumwona anavyohema," akasema. "Akianza kuhema vile, mguu wangu unakanyaga, unakanyaga, haukuti kitu." Akalia bila kuficha uso. Nilikaa naye kidogo, kisha nikapanda kumwambia dada kwamba amefika.

Siku yenyewe ilianza vibaya tangu mchana. Dada alikataa uji, akakataa maji. Pumzi ikawa fupi, miguu ikawa baridi. Nesi nilimpigia, akasema anakuja, ila akaniambia kwa sauti ya chini nimwite mume. Nikampigia Breki. Simu inaita tu. Nilijua kwa nini: akiwa garini simu yake huiondoa sauti na kuifungia kwenye droo ya gari, na wanafunzi wake huwafundisha hivyohivyo. Nikapiga ofisi ya shule yao. "Mwalimu Breki? Amemaliza, ameshaondoka," wakanijibu. "Atakuwa njiani kurudi nyumbani."

Nikamwambia dada, "Yuko njiani."

Alitikisa kichwa. Alinishika mkono, na kwa mtu asiyekuwa na nguvu ya kunyanyua kijiko, alinishika hasa. Jua lilikuwa limeanza kuinama, ukuta wa jirani umekuwa wa njano. Tukatega sikio, yeye na mimi. Niliitazama ile glasi ya maji. Ilitulia tuli.

"Amefika?"

"Bado, dada. Yuko njiani."

Nilitaka kushuka kuangalia. Nilipojaribu kuuchomoa mkono wangu alifungua macho, macho ya mtu anayekuomba, nikakaa. Nilipiga simu tena kwa mkono mwingine. Ikaita hadi ikakata.

"Amefika?"

"Bado."

Aligeuza kichwa kwenye mto, sikio chini, kama anasikiliza sakafu. Alikaa hivyo. Pumzi ikija, inakaa, haiji, inakuja. "Leo amechelewa sana," akasema. Sauti yake haikuwa ya uchungu, ilikuwa ya woga. Niliuona woga ule na mpaka leo nauona. Baada ya hapo hakusema tena, na baada ya muda mkono ukaniachia wenyewe.

Nilimfumba macho. Nikamfunika hadi kifuani, sikuweza kumfunika uso. Nesi alikuwa bado hajafika. Nikashuka kumwita jirani, na nikiwa jikoni nikaona mwanga chini ya mlango wa kuingilia gerejini.

Nikaufungua. Gari lilikuwa ndani, limeegeshwa vizuri. Breki alikuwa amechuchumaa karibu na jicho, utepe umemning'inia mdomoni, koti la kazi amelitundika kwenye kioo cha pembeni. Ndani ya droo ya gari, kwenye simu yake, zilikuwamo simu zangu zisizopokelewa, moja juu ya nyingine.

"Shemeji! Njoo uone," akasema, uso umekunjuka. "Umekubali! Jua lilikuwa limelikabili jicho hivi, na bado ulishuka wote. Nimeujaribu tena na tena. Nilikuwa napanda sasa hivi nimwambie."

Kisha akaniangalia vizuri, na mguu wake ukakanyaga sakafu ya saruji.

Tulizika. Watu walikuja, wakala, wakasema maneno yanayosemwa, wakaondoka. Breki hakuuliza kitu siku zote hizo. Alikuwa akiwaambia waliokuja kuhani, "Angalau mwisho wake alipata utulivu. Kelele hazikuwapo." Na wao wanamwambia, "Umefanya wema." Mimi nilikuwa nainuka naenda jikoni.

Jioni ya kwanza tuliyobaki wawili tu, alinikuta nikikunja shuka za dada. Akasimama mlangoni.

"Shemeji, aliniulizia?"

Kiapo changu kilikuwa cha mambo ya mlango, na aliyeniapisha alikuwa kaburini. Sikuweza kudanganya. "Aliuliza kama umefika."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado."

"Lakini nilikuwa nimefika." Alisema polepole, kama anayemwelekeza mwanafunzi mgumu. "Nilikuwa hapo chini. Nilishafika zamani."

"Hatukujua, shemeji. Alikuwa anausubiri mlango. Siku zote alikuwa anausubiri. Ule wa zamani ukinguruma ndipo anapolala."

"Aliuchukia ule mlango."

"Hakuuchukia."

Kisha akaanza kutikisa kichwa. "Hapana. Hapana, huu nao unasikika kidogo. Una mvumo wake. Mimi nausikia nikiwa chini, na yeye alikuwa na masikio makali, unamjua. Lazima aliusikia. Nyinyi mlikuwa mnaongea tu." Akaitoa rimoti mfukoni akaniwekea mkononi. "Nenda chini. Ufungue, ufunge. Mimi nitasikiliza."

Nilimwambia aache. Hakuniangalia hata. Alivua viatu, akapanda kitandani upande wa dada, kwenye godoro tupu, akalaza kichwa pale palipokuwa na mto na kugeuza sikio chini. Ile glasi ilikuwa bado mezani, maji nusu. Hakuna aliyekuwa ameiondoa.

Nikashuka. Nilisimama gerejini, nikabonyeza. Mlango ukapanda, jua la jioni likaingia hadi kwenye magurudumu ya gari. Nikabonyeza tena, ukashuka wote bila kugoma, ile kofia ya boksi imekaa sawasawa kwenye jicho lake. Nikaufungua tena, nikaufunga tena, moyo wangu ukiomba ungurume japo mara moja. Kisha nikapanda ngazi.

Alikuwa vilevile nilivyomwacha, macho ameyafumba, kiganja amekibandika ukutani, anasikiliza kwa nguvu zake zote. Alisikia nyayo zangu.

"Nakusubiri, shemeji," akasema. "Mbona hubonyezi?"